Akili Hupimwaje? Safari ya Kipimo Kutoka Paris Hadi Bagamoyo



Mwaka jana, wiki chache kabla ya Pasaka, nilipewa kazi ya kuwasaili watoto wa komunyo ya kwanza katika kigango ninakofanya utume kila Jumapili. Walikuwa 31. Nilikaa mezani na kitabu cha katekisimu, daftari na kalamu nyekundu, nikawaita mmoja mmoja. Akaja mvulana wa miaka 11. Nikamwuliza, "Sakramenti ni nini?" Akanyamaza. Nikamwuliza masharti ya kupokea komunyo takatifu. Akaangalia vidole vyake vya miguu. Swali la tatu nalo likaenda hivyo hivyo. Mbele ya jina lake nikaandika "Arudie", na moyoni, nakiri, nikaandika neno jingine: mzito.

Baadaye katekista, mzee anayefundisha pale tangu mimi sijazaliwa, alilipitia daftari langu. "Frateri," akasema, "umekiuliza kitabu, hukumwuliza mtoto." Akamwita yule mvulana kutoka uwanjani, akamwuliza Padre akiinua mkate altareni kunatokea nini. Mtoto akajibu bila kusita: si mkate tena, ni Yesu, ndiyo maana bibi yake hupiga magoti hata siku goti linapomsumbua. Mimi nilikuwa nimeshaituma orodha parokiani kwa simu, na sikupata ujasiri wa kupiga tena kusema nimekosea. Mama yake alikuwa ameshanunua shati jeupe.

Muhula huu somo letu la saikolojia limefika kwenye akili na ubunifu wa mwanadamu. Nilitegemea kukutana na nadharia za kukariri kwa ajili ya mtihani. Nilichokutana nacho ni meza ile ile: mtu mzima mwenye kalamu, mtoto aliyenyamaza, na neno moja linaloandikwa mbele ya jina.

Tume ya mwaka 1904

Mwaka 1882 Ufaransa ilipitisha sheria ya kumlazimu kila mtoto kusoma. Madarasa yakajaa watoto wa kila namna, wakiwemo wasioweza kwenda sambamba na wenzao. Mwaka 1904 Wizara ya Elimu iliunda tume ya kutafuta jinsi ya kuwatambua watoto hao ili wapewe mafundisho maalumu. Mmoja wa wajumbe alikuwa mwanasaikolojia Alfred Binet. Tatizo lililomkabili ni la kibinadamu kabisa: mwalimu akiachiwa achague kwa macho, atamtoa darasani mtundu anayemchosha na kumbakiza mpole asiyeelewa kitu.

Mwaka 1905, akishirikiana na daktari kijana Théodore Simon, Binet alitoa majaribio 30 yaliyopangwa kuanzia rahisi hadi magumu. La kwanza lilikuwa hili: kiberiti kinawashwa mbele ya mtoto, anaangaliwa kama macho yake yanaufuata mwali. Mbele zaidi anaambiwa ataje sehemu za mwili, arudie tarakimu alizosomewa, aseme kipi kizito kati ya vitu viwili, na huko mwishoni aeleze tofauti ya maneno mawili yenye maana zinazokaribiana. Mwaka 1908 waliyapanga upya kwa umri. Kama watoto wengi wa miaka 7 wanaliweza swali fulani, basi hilo ni swali la miaka 7. Mtoto wa miaka 9 anayeishia kwenye maswali ya miaka 7 anahesabiwa kuwa na kiwango cha miaka 7.

Tukitazame vizuri kipimo hiki. Hakipimi akili kama fundi cherehani anavyopima kiuno. Kinamlinganisha mtoto na wenzake wa mahali pale na wakati ule, basi. Binet alilijua hilo na alilisema. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu watoto aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kupangwa, kisichoweza kuongezeka. Yeye na wenzake waliwatungia watoto waliobaki nyuma mazoezi ya makini na ya kumbukumbu, mengine yakiwa michezo tu, kama ule wa kuganda ghafla kama sanamu mwalimu anapotoa ishara. Alikuwa akipima ili afundishe. Alifariki mwaka 1911 akiwa na miaka 54, na kipimo chake kikaendelea na safari bila yeye.

Namba inapogeuka hukumu

Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa toleo lake la kipimo cha Binet na kulizidisha jibu hilo kwa 100. Hiyo ndiyo IQ ya kwanza. Mtoto wa miaka 8 mwenye umri wa akili wa miaka 6 anapata 75. (Siku hizi hesabu hufanywa vingine: mtu hulinganishwa na watu wa rika lake, na wastani huwekwa kuwa 100.) Ni hesabu ya shule ya msingi, na nadhani urahisi wake ndio ulioleta balaa. Maelezo marefu kuhusu mtoto yanahitaji kusomwa. Namba 75 inahitaji kuonwa tu, kisha inabebeka kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Henry Goddard, mtu aliyekitafsiri kipimo cha Binet kwa ajili ya Wamarekani, aliwatuma wasaidizi wake mwaka 1913 kwenye kisiwa cha Ellis, bandarini New York, walikoshukia wahamiaji. Hebu fikiri: mtu ametoka melini baada ya siku nyingi za kulala daraja la chini, pengine hajawahi kushika penseli, anaulizwa maswali kupitia mkalimani na mgeni aliyevaa tai. Taarifa iliyochapishwa baadaye ilidai kwamba karibu wanne kati ya kila watano wa Wayahudi, Wahungaria, Waitaliano na Warusi waliopimwa walikuwa na akili pungufu. Miaka ilipopita Goddard mwenyewe aliyaacha mengi ya aliyoyasema, lakini namba zake zilikuwa zimeshapata wasomaji.

Kisa cha Carrie Buck ndicho kilichonikosesha usingizi. Alikuwa msichana wa jimbo la Virginia aliyebakwa, akazaa, akapelekwa kwenye taasisi ya watu walioitwa wenye upungufu wa akili. Alipimwa, ikasemwa ana akili ya mtoto wa miaka 9. Tarehe 2 Mei 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliruhusu afungwe kizazi bila ridhaa yake. Kura ile moja ilikuwa ya Jaji Pierce Butler, Mkatoliki, ambaye hakuandika sababu zake. Mahakama ilikuwa imeelezwa kwamba hata kichanga cha Carrie, Vivian, si wa kawaida. Vivian alikua, akaanza shule, na mwaka 1931 jina lake likawekwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 8.

Tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pio XI alitoa waraka Casti Connubii. Huwa tunautaja kwa sababu ya mafundisho yake juu ya ndoa, lakini ndani yake kuna sehemu inayozungumzia sheria za namna hiyo moja kwa moja: kwamba serikali haina mamlaka ya moja kwa moja juu ya mwili wa raia asiyetenda kosa, na kwa hiyo haiwezi kumwondolea uwezo wa kuzaa kwa madai ya kuboresha kizazi. Nilipousoma kwa mara ya kwanza sikujua kwamba nyuma ya maneno yale kulikuwa na kipimo kilichoanza na njiti ya kiberiti.

Nisieleweke vibaya. Kuna ukweli katika vipimo hivi, na haufai kukimbiwa. Mwaka 1904, mwaka ule ule wa tume ya Paris, Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba alama za wanafunzi katika masomo mbalimbali huelekea kwenda pamoja: anayeweza moja, mara nyingi huweza na mengine. Akahitimisha kwamba chini ya yote kuna uwezo mmoja wa jumla, akauita kwa herufi moja tu, g. Zaidi ya karne imepita na mpangilio huo bado unaonekana kila watafiti wanapoutafuta. Pia kipimo kilichotungwa vizuri hubashiri kwa kiasi kizuri mtoto atafanyaje shuleni. Wanachobishania wanasaikolojia ni g ni kitu gani hasa, maana kuona kwamba mambo mawili huenda pamoja si sawa na kujua kinachoyaunganisha.

Mwaka 1983 Howard Gardner wa Harvard aliuvunja umoja huo. Alisema akili ni nyingi, akataja saba: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya mwili, ya maumbo na nafasi, ya kuwaelewa wengine na ya kujielewa. Baadaye akaongeza ya kuvitambua vitu vya asili. Walimu wanampenda sana, na Mswahili akimsoma atasema haya tulikwisha kuyasema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hata mimi nampenda. Ila kupenda si ushahidi. Wakosoaji wake wanasema vipaji hivyo, vinapopimwa, havisimami mbalimbali kama anavyodai. Mpangilio wa Spearman hurudi kupitia mlango wa nyuma. Na methali yetu, tukiitazama vizuri, haisemi kwamba nywele zote zina urefu mmoja.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alijiuliza jambo linalokaribia hili katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 85: je, mtu mmoja anaweza kukielewa kitu kile kile vizuri zaidi kuliko mwingine? Anajibu kwamba anaweza, na sehemu ya sababu aliyotoa ni mwili. Akili hutegemea kumbukumbu na taswira, na hivyo hutegemea viungo vya mwili vikiwa vizima. Kwa hiyo asingeshangazwa na utafiti wa Embu, Kenya, ambako watoto wa vijijini waliopimwa mwaka 1998 walifanya vizuri waziwazi kuliko wa rika lao waliopimwa mwaka 1984. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika miaka 14. Watafiti waliangalia chakula bora zaidi, wazazi waliojua kusoma, na familia zenye watoto wachache zaidi.

Tofali moja

Ubunifu ulisahauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1950 J. P. Guilford, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, alihutubia wenzake na kuwapa hesabu ya aibu: kati ya machapisho yapatayo 121,000 yaliyoorodheshwa katika miaka 23, yaliyohusu ubunifu waziwazi yalikuwa 186 tu. Hoja yake ilikuwa kwamba vipimo vya akili vinatafuta jibu moja sahihi, yaani fikra zinazokusanyika mahali pamoja. Mbunifu anahitaji pia fikra zinazotawanyika.

Mfano maarufu ni wa tofali. Taja matumizi yake mengi kadiri uwezavyo. Atakayesema kujengea nyumba, kujengea choo na kujengea uzio ametoa majibu matatu, lakini ni ya aina moja. Mwingine atasema kujengea, kuwa figa la jiko, kukandamizia bati lisipeperushwe, kuwa goli la watoto, kusagia rangi nyekundu. Hapo tunahesabu wingi wa majibu, aina zake, upekee wake, na jinsi mtu anavyolikuza wazo lake. E. Paul Torrance alitoa mwaka 1966 vipimo vilivyojengwa juu ya msingi huo. Vina udhaifu wao, bila shaka. Kutaja kazi kumi za tofali si sawa na kujenga kanisa.

Kwamba kipimo cha akili kinaweza kumpita mbunifu bila kumwona, ushahidi uko kwa Terman mwenyewe. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya watoto zaidi ya 1,500 wenye IQ za juu, wengi wao wa California, na kuwafuatilia maisha yao yote. Wengi walifanikiwa vizuri katika kazi zao. Hakuna aliyepata tuzo ya Nobel. Lakini kulikuwa na wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia kiwango: William Shockley na Luis Alvarez. Wa kwanza alishiriki tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, wa pili aliipata mwaka 1968. Sijui tucheke au tulie tukijua kwamba Shockley huyo huyo, uzeeni, alizunguka akitumia alama za IQ kudai kwamba watu weusi wana akili ndogo kwa kuzaliwa. Kipimo kilichomkataa yeye ndicho alichokitumia kuwahukumu wengine.

Kuhusu jinsi wazo jipya linavyozaliwa, Mwingereza Graham Wallas aliandika mwaka 1926 juu ya hatua nne: maandalizi, kuatamia, mwanga, na uhakiki. Ndugu zangu wa bwenini wanaopenda kusubiri mwanga usiku wa kuamkia mtihani wakumbuke kwamba hiyo ni hatua ya tatu.

Werevu kwa macho ya nani?

Katika miaka ya 1960 Michael Cole, Joseph Glick na wenzao walifanya kazi miongoni mwa Wakpelle wa Liberia. Waliwapa wakulima rundo la vitu, vyakula na zana na vyombo, wakawaomba wavipange vinavyokwenda pamoja. Mtafiti alitarajia vyakula na vyakula, zana na zana. Wakulima waliweka kisu pamoja na chungwa, jembe pamoja na kiazi, wakieleza kwamba mtu mwenye busara hupanga hivyo. Kwa mtazamo wa kipimo, wamefeli. Mwishowe mtafiti akauliza: je, mjinga angepangaje? Wakavipanga mara moja, vyakula huku, zana kule, kama kitabu kilivyotaka.

Robert Serpell naye aliwalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester katika kunakili maumbo. Kwa karatasi na penseli Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya Wazambia walifanya vizuri zaidi. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Yeyote aliyewahi kutengeneza gari la waya, akalivuta mpaka sokoni, hahitaji maelezo. Na huko Usenge, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto ujuzi wa dawa za mitishamba, jambo ambalo mtoto wa kule hulihitaji. Waliolijua vizuri zaidi walielekea kupata alama za chini katika vipimo vya kishule. Sternberg alikwisha kusema tangu mwaka 1985 kwamba akili ina pande tatu: ya uchambuzi, ya ubunifu na ya kivitendo. Shule hupima sana ya kwanza.

Watafiti hao ndio walionileta nyumbani. Walikwenda kwenye shule za eneo la Bagamoyo, hapo hapo ulipo msalaba wa wamisionari wa kwanza, wakajaribu kitu ambacho mizizi yake iko kwa Mrusi Lev Vygotsky: usimpime mtoto alipo tu, pima na anapoweza kufika akisaidiwa. Waliwapa watoto majaribio ya kupanga kadi, ya mantiki, na mchezo wa maswali ishirini, ambao mtu anatakiwa kukigundua kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali yasiyozidi ishirini. Kisha kundi moja likafundishwa kwa muda mfupi jinsi ya kuyaendea. Kwa mfano, katika mchezo kama huo ni busara kuuliza kama ni mnyama kabla ya kuuliza kama ni mbuzi. Kundi jingine halikufundishwa. Wote wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda kuliko wasiofundishwa. Na la kushangaza zaidi, alama za mara ya kwanza hazikusema mengi juu ya nani atafanya vizuri mara ya pili. Aliyeonekana wa mwisho asubuhi hakuwa lazima wa mwisho baada ya somo.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Mvulana wangu nilimpima mara moja, kwa Kiswahili cha kitabuni, bila kumfundisha lolote katikati.

Mwaka huu yumo tena darasani, ana miaka 12. Mwezi wa kwanza nilikwenda kumwomba radhi mama yake. Alisema tu, "Haya, Frateri," akaendelea kuchambua mchicha. Shati lile sasa linambana mabegani.

Jumapili ijayo nina watoto 27 wa kuwasaili. Nimekubaliana na katekista kwamba nitauliza kwanza kama kitabu kinavyouliza; pale mtoto atakapokwama yeye atamfundisha dakika kumi pale pale, kisha nitauliza tena kwa maneno mengine. Itachukua siku nzima, na mama wa kigango wameshaambiwa wapike. Orodha haitatumwa parokiani kabla ya Jumatatu.